Duara la Wino

Yalianza Oktoba, juma lile la mvua ya ubavuni,
mvua ya Dundee isiyoanguka, inayotembea.
Shekue aliamka na ramani tumboni:
visiwa vyekundu, kingo zimeinuka,
katikati peupe, kana kwamba mchoraji
alichoka akaweka kalamu chini.
Kufikia adhuhuri visiwa vimezama.
Jioni vimeibuka kwingine, nyuma ya magoti,
chini ya mkanda wa suruali ya shule.

Mimi ni mtu wa zamu ya usiku, naosha mabasi.
Nalijua doa. Doa hukaa palepale likikungoja.
Haya hayakukaa.

Nikanunua daftari.
Jumatatu: mayai. Mabaka saa nne usiku.
Jumanne: hakuna mayai. Mabaka saa nne usiku.
Jumatano: samaki wa kopo, sabuni mpya, hesabu za kugawanya.
Alhamisi hakugusa kitu ila wali mweupe na chai,
na bado alijikuna hadi shuka likapata nukta za damu.
Nikashtaki karanga. Nikashtaki paka wa jirani, zulia, maziwa,
nikamshtaki hata mke wangu, kimoyomoyo,
kwa manukato aliyoletewa na dada yake.
Mama mkwe akapiga simu kutoka Korogwe:
"Ngozi ivute ili maji," akasema,
kisha, kwa sauti ya chini, akauliza
ni nani aliyemtazama mtoto.

Shuleni walitaka kujua kama yanaambukiza.
Watoto hawakuuliza. Walisogeza viti.

Siku ya miadi, baada ya majuma tisa,
ngozi ilikuwa safi kama sahani ya mgeni.
Shahidi wangu ametoroka usiku wa kuamkia kesi.
"Nakuamini," akasema Daktari Gillespie
kabla sijafungua simu,
kisha akazitazama picha zote, mia na kumi na mbili,
hata zile zilizotikisika.

Maswali yake hayakufanana na yangu.
Hakuanza na chakula. Baka moja, akauliza, moja tu,
hukaa saa ngapi?
Likiondoka huacha rangi, kama pale palipogongwa?
Midomo huvimba? Pumzi je? Homa? Viungo?
Sikujua. Daftari zima, na sikujua.

"Chukua peni," akasema. "Lizungushie duara.
Kesho saa ileile, tazama."

Usiku ule nilimchora mwanangu pajani.
Alicheka, wino ulikuwa baridi.
Nikaenda kazini, nikasugua basi baada ya basi,
nikiomba jambo ambalo sikujua kuliombea:
liondoke, au libaki?

Niliporudi, taa za daraja bado zinawaka juu ya mto Tay,
nikainua blanketi taratibu.
Duara lipo, la buluu, limepinda kidogo.
Ndani yake hamna kitu.
Ngozi tu. Ngozi ya mtoto aliyelala.

"Vizuri," akasema daktari mara ya pili.
Damu kidogo ilipimwa, haikuwa na la kusema.
Utikaria sugu, akaliita. Chanzo, mara nyingi, hakionekani;
mwili hupiga kengele bila mwizi.
Kidonge kila siku, hata siku asiyojikuna.
Huenda miezi, huenda miaka, kisha siku moja kimya.
Na mayai, mrudishie mayai yake.

Garini Shekue alishika kiganja changu,
akabonyeza pale mpini wa brashi ulipoacha ngozi ngumu.
"Sugu kama hii?"
Nikasema hapana. Nikasema, labda, kidogo.

Jumapili: mayai mawili, amemwaga chumvi.
Saa nne usiku, baka moja begani.
Nimeliandika. Sikuandika sababu.